Siku Polisi Walipocheza

Tangu mke wangu aipeleke serikali mahakamani, wateja wangu huingia dukani kwa kunyata. Wanavua viatu mlangoni, wananinong'oneza kipimo cha kiuno, kisha wanauliza kwa uso mkavu kama kukohoa kunaruhusiwa, na kama cherehani yangu nimeiombea kibali. Nawaacha wacheke. Hapa Mangalghat nimewashonea vijana wa vikundi vyote vya ngoma kurta, zile kanzu fupi za sherehe, na mtu unayemjua mpaka upana wa mapaja yake huwezi kumnunia muda mrefu. Lakini utani wao una mwiba, na kila sikukuu ya Ganpati, mungu wetu mwenye kichwa cha tembo, inapokaribia mwiba huo unazidi kuchoma.

Mke wangu ni Vatsala. Mji mzima unamwita Sista, kwa kuwa ndiye muuguzi mkuu wa wodi ya watoto njiti katika hospitali ya wazazi, ile iliyo kwenye barabara ya kwenda mtoni. Getini pana kibao cha serikali kinachosema Eneo la Kimya. Mwaka mmoja vijana walifunga spika kwenye kibao hicho hicho. Nilipowauliza, walinijibu kwa adabu kabisa kwamba nguzo yake ndiyo imara kuliko zote.

Watu wanapenda kusema mke wangu anaichukia dini. Waongo wakubwa hao. Nyumbani tunamkaribisha Ganpati kila mwaka, tunampikia maandazi matamu ya modak, na siku ya kumuaga Vatsala hutokwa na machozi mpaka nampa kitambaa cha bitana ajifute. Anachokichukia ni ukuta. Ukuta ndilo jina la zile spika zinazopangwa juu ya lori, moja juu ya nyingine, mpaka zinakaribia nyaya za umeme. Siku ya mwisho sanamu zote za mji hupita mbele ya hospitali zikienda kuzamishwa mtoni, na kila moja ina ukuta wake nyuma. Vioo vya madirisha vinatetemeka. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ambao hata ngozi yao bado haijakomaa, wanashtuka ndani ya masanduku yao ya kioo, mikono juu, tena na tena, tangu asubuhi mpaka giza.

Kuna mwaka mashine ya mtoto mmoja ililia na hakuna aliyeisikia. Vatsala alikuwa mle mle wodini. Aligeuka kwa bahati tu, akamkuta mtoto ameshaanza kuwa bluu. Alimwokoa. Aliporudi nyumbani alikaa jikoni hajavua hata sare, akaniambia, "Digambar, nilikuwa nimempa mgongo. Kengele inalia, na mimi nimempa mgongo." Nikamwambia si kosa lake. Akanijibu kwamba hajaniuliza kosa ni la nani.

Ndipo zikaanza safari za kituo cha polisi. Sheria ya kelele ipo, tena imeandikwa vizuri, kasoro yake ni kwamba hakuna anayetaka kuigusa. Polisi walimpiga danadana mpaka nikamwonea huruma. Lete malalamiko kwa maandishi. Peleka manispaa. Kipima sauti kiko kwa fundi. Kipima sauti kimerudi, lakini aliyefundishwa kukitumia yuko likizo.

Aliyemsikiliza alikuwa mmoja tu, mkaguzi msaidizi Sopan Dhumal, jitu la miraba minne lenye masharubu mazito na sauti ya mtu aliyekulia machungani. Huyu alikuja wodini na kipima sauti chenyewe mkononi, akavua viatu bila kuambiwa, akakinyanyua dirishani, akataja namba iliyokuwa mara mbili ya ile inayoruhusiwa. Kisha akashuka barabarani akawaamuru vijana wazime, nao wakazima. Kwa muda wa kunywa kikombe cha chai wodi ilitulia. Halafu simu yake ikaita. Vatsala alimwona kutoka dirishani akisikiliza na kuitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana, kisha akaondoka ameinamisha kichwa, na ukuta ukafunguliwa upya.

Kesho yake alirudi na mfuko wa mapera, akasimama mlangoni mwa wodi kama mgeni asiyejua akaribie au aondoke.

"Sista, nenda mahakamani," alimwambia. "Mimi bila amri ni mtu mwenye fimbo tu. Wakubwa wakipiga simu sina cha kuwajibu. Niletee neno la jaji, uone kama sitazima." Kisha akaongeza, sasa kwa sauti ya chini, "Lakini usimwambie mtu kwamba nimekushauri mimi. Watanimaliza."

Vatsala hakumwambia mtu ila mimi, na mimi sikumwambia mtu.

Tulimpata wakili kule Mumbai, Mrunal Ponkshe, mwanamke kijana, mwembamba, mwenye ulimi wa wembe na asiyejua kuchoka. Mahakama Kuu ikatupa tulichoomba: polisi watekeleze sheria, kila kituo kiwe na kipima sauti, na mkuu wa polisi wa wilaya awajibike yeye mwenyewe. Siku hiyo tulikula jalebi mpaka vidole vikanata. Sikukuu iliyofuata kuta zilikuwa ndefu zaidi. Serikali, kwa macho makavu, ikala kiapo kwamba kila kituo kimetii.

Mrunal akafungua shauri la kuidharau mahakama. Tulikuwa na picha za video za kila kikundi kilichopita pale getini, lakini serikali ilikuwa na jibu tayari: hao ni raia wasiojulikana, wanatafutwa. Mwaka uliofuata Mrunal alitupigia simu usiku wa siku ya mwisho ya sikukuu, amekasirika.

"Sista, nataka kitu ambacho serikali haiwezi kukikana," alisema. "Raia siwataki tena. Nataka serikali yenyewe ikipiga kelele."

Sasa, kila mtu wa hapa anajua kwamba polisi nao wana Ganpati wao, pale kituoni. Siku ya mwisho hawawezi kumpeleka mtoni, maana wako barabarani wanalinda wa wenzao. Wanasimama kando ya kuta hizo tangu alfajiri mpaka alfajiri ya pili, wanasukumwa, wanatukanwa, wanakula wakiwa wamesimama. Kwa hiyo wao humzamisha Ganpati wao kesho yake, mji ukiwa umelala. Wanakodi lori la spika na wanacheza. Ndiyo siku yao pekee katika mwaka mzima, na mji unawaachia. Hata akina mama huwatoa watoto nje wakaone polisi wakikatika viuno.

Kesho yake mchana nilikuwa nimempelekea Vatsala chakula kazini. Tulikuwa kwenye roshani ya wodi, mimi nikifungua kopo la bhakri, mikate yetu ya mtama, tukasikia lori linakuja. Mbele ya lori walikuwa polisi wa kituo chetu na sare zao, nyuso zimejaa poda nyekundu, na juu ya mabega ya konstebo mmoja alikuwa Dhumal. Kofia ameigeuza nyuma mbele. Mikono hewani, masharubu mekundu, macho ameyafumba. Sijawahi kumwona mtu mzima ana furaha kiasi kile. Vatsala alicheka kwa sauti, na mimi nikacheka kwa kumwona yeye anacheka.

Lori likasimama mbele ya geti, maana pale barabara ni pana, panafaa kuchezea. Vioo vikaanza kutetemeka. Vatsala akaacha kucheka, akatoa simu yake mfukoni na kuanza kurekodi.

"Si Dhumal yule?" nikamwambia. "Mwite. Mpungie mkono tu, atazima."

Akanitikisia kichwa, akaweka kidole mdomoni. Hakutaka sauti yetu iingie kwenye picha. Nyuma yetu, mlangoni, muuguzi mwingine alitokeza kichwa akasema watoto wanashtuka, afanyeje. Vatsala akamwashiria kwa mkono wa kushoto asubiri. Mkono wa kulia haukutikisika hata kidogo. Nami nilibaki nimeshika kopo la bhakri, nimenyamaza kimya, mpaka wimbo ukaisha na mwingine ukaanza, na huo nao ukaisha.

Jioni ile alimuuliza Mrunal kwa simu kama uso wa mtu mmoja unaweza kufichwa. Mrunal akamweleza kwa upole, kitu asichokuwa na mazoea nacho, kwamba mahakama inataka picha nzima kama ilivyochukuliwa. Ukiikata, watasema umeitengeneza. Na uso ule ndio ushahidi wenyewe, vinginevyo serikali itadai ni waigizaji waliokodi sare. "Na kwani ni nani huyo?" Mrunal akauliza. Vatsala akasema ni polisi tu.

Alilala macho wazi. Asubuhi aliituma.

Picha ile iliwasisimua wengi. Ilivuja kabla hata haijafika kwa majaji, na nchi nzima ikamcheka Dhumal, wengine wakimtungia nyimbo. Sisi tulingoja serikali ione haya. Serikali haikuona haya. Baada ya wiki moja ililetwa hati mpya ya kiapo, fupi na tamu. Serikali inamshukuru sana mwombaji kwa kuifumbua macho. Aliyevunja amri ya mahakama ametambuliwa, ni mkaguzi msaidizi Sopan Dhumal, aliyekodi spika kwa uamuzi wake mwenyewe. Amesimamishwa kazi, na taratibu za kumfukuza zimeanza. Kwa kuwa amri sasa imetekelezwa, mahakama inaombwa ilifunge shauri. Kuhusu mkuu wa polisi wa wilaya, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti cha heshima siku lori lilipoondoka kituoni, haikuandikwa hata herufi moja.

Vatsala aliisoma akiwa amesimama dukani kwangu, kati ya kurta zilizoning'inia. Akasema, "Wamemtoa kafara yule mmoja aliyewahi kuzima." Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja na hakuinuka mpaka nikafunga duka.

Alitaka kwenda kusema mbele ya majaji kwamba Dhumal ndiye aliyekuja na kipima sauti, ndiye aliyemshauri aende mahakamani. Mrunal akamzuia. Ukisema hivyo, alimwambia, wakubwa wake watajua ndiye aliyewachimba tangu mwanzo. Leo wanamfukuza kwa kucheza. Kesho watamfungulia la usaliti. Basi mke wangu akawa hawezi hata kumtetea. Alipunguza kula. Usiku nilimsikia akienda kuosha vyombo ambavyo alishaviosha.

Ndipo akaja Jagdale. Huyu ni mwenyekiti wa kikundi kikubwa kuliko vyote hapa mjini, mtu wa tabasamu na pete, na simu zake hupokelewa na wakubwa wote. Alikuja kushonesha kurta ya harusi ya mpwa wake. Nilikuwa nimemzungushia futi kifuani alipoanza kusema, akiangalia ukutani.

"Fundi, huyu Dhumal ananiuma moyo. Ana mke, ana mama mzee ndani. Kosa lake nini, kucheza?"

Nikasema hata mimi linaniuma.

"Shemeji akiliondoa lile shauri," akasema, "Jumatatu Dhumal yuko kazini. Kimya kimya. Mambo mengine ni ya kuzungumza tu, sisi si watu wa mji mmoja?"

"Na watoto wa wodini?"

"Watoto wanakua, fundi. Wewe pima mkono huo, usinibane kwapa."

Nilimpima mkono. Ningependa kusema nilimfukuza, lakini nilimpima mkono, nikaandika na kipimo cha kola, nikaenda nyumbani kumweleza Vatsala. Sikumshauri chochote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema hawezi kuwauza watoto, na hawezi kumwacha Dhumal alipo, na kwamba anajisikia mchafu kila upande anaogeukia. Kisha akasema twende tukamuulize mwenyewe.

Dhumal anakaa kwenye nyumba za polisi nyuma ya stendi ya mabasi. Tulimkuta kibarazani, amevaa fulana, anamenya vitunguu saumu kwa ajili ya mkewe. Alisimama kwa kishindo, akampigia Vatsala saluti ya utani, akavuta viti. Mkewe, Shevanta, alitupa maji, hakutupa neno. Nilipomsalimu, Dhumal alisogeza sikio la kulia na kunitazama midomo. Nikamsalimu tena.

"Ongea kwa sauti, shemeji," Shevanta akasema kutoka mlangoni. "Hasikii. La kushoto limekufa kabisa, la kulia linaelekea huko huko. Miaka yote hiyo anasimamishwa kando ya zile spika. Daktari wa polisi kasema ni uzee."

Vatsala alikuwa amepanga maneno njiani, nilimwona akiyapanga. Sasa ilimbidi ayaseme kwa sauti kubwa, na majirani walikuwa kwenye vibaraza vyao. Akamweleza habari ya Jagdale. Akamuuliza aliondoe shauri?

Dhumal alicheka. "Ili nirudi wapi, Sista? Nikasimame tena pale na fimbo? Nimekwisha hapa," akagusa sikio. "Kuna wanangu wa pale kituoni, makonstebo wadogo, bado wanasikia. Usiliondoe. Nikiona umeliondoa kwa ajili yangu nitakuja mwenyewe nikushtaki."

"Nimekuharibia maisha," Vatsala akasema.

"Sema kwa nguvu."

"Nimekuharibia maisha."

Akatikisa kichwa, akashika kitunguu saumu kingine na kukimenya polepole kabla ya kuendelea.

"Nilikuwa nataka kukuomba radhi," alisema. "Nimeiona ile picha. Ulikuwa pale juu kabisa, karibu, kama kutoka hapa mpaka mlango ule. Najua uliniita. Nakujua wewe, usingewaacha wale watoto, lazima uliniita, tena uliita sana, na mimi na masikio haya sikusikia. Ningekusikia ningezima pale pale, unajua hilo. Nimekaa hapa siku zote hizi nikifikiria, Sista anaita mpaka anakata tamaa, anaona bora arekodi. Nisamehe sana."

Nilimtazama mke wangu. Midomo yake ilifunguka. Shevanta naye alikuwa anamtazama. Majirani walikuwa wamegeuka, maana maneno ya Dhumal yalifika hadi stendi. Vatsala akainama, akachukua kitunguu saumu kwenye sinia, akaanza kumsaidia kumenya. Tulimenya wote mpaka vikaisha, tukaaga, tukaondoka.

Njiani nilimuuliza kwa nini hakumwambia. Nilikuwa na hasira, na nilijua sina haki nayo. Akasema alishindwa kulisema lile neno kwa sauti kubwa.

Siku ya shauri tulipanda treni ya alfajiri. Ukumbi wa Mahakama Kuu una dari refu na feni zinazozunguka bila haraka, na watu wanaongea kwa minong'ono hata wakigombana. Serikali ilikuwa imemleta Dhumal, kama mtu anavyoleta panya aliyemnasa. Alikaa safu ya nyuma na shati jeupe lililopigwa pasi, mimi pembeni yake, upande wa sikio la kulia. Alinishika goti akaniuliza kama Sista amekula. Nikamwitikia kwa kichwa.

Wakili wa serikali alikuwa bwana mnene, mwenye sauti ya upole. Akasema mwombaji ameshapata haki yake, mkosaji mwenyewe yule pale, hakuna la zaidi. Mrunal akasimama, akasema kukata kidole si kutii amri, amri ilimtaja mkuu wa wilaya. Walivutana. Jaji aliyekaa kushoto, mama mwenye miwani, akaonekana kuchoka. Akauliza kama mwombaji yumo ndani, na kama yeye ameridhika.

Vatsala akasimama. Mrunal akamvuta ukingo wa sari, akamwambia aseme hapana, akae.

"Sijaridhika, mheshimiwa," Vatsala akasema. "Mmeletewa mtu asiyehusika."

Jaji akamwambia kwamba mtu huyo anaonekana kwenye picha yake mwenyewe, aliyoiwasilisha kwa kiapo.

"Ndiyo. Lakini katika kituo kile huyo ndiye ambaye ukimwambia azime, anazima. Ameshawahi kuzima mbele ya macho yangu. Aliyempigia simu afungue tena hayumo humu ndani."

Wakili wa serikali alikuwa ameshainuka, uso umechangamka. Akaomba ruhusa ya swali moja dogo. Kama mwombaji alijua kwamba afisa yule akiambiwa huzima, basi siku ile alipomwona pale chini, hatua chache tu, je, alimwambia?

Jaji akamwonya Vatsala kwamba halazimiki kumjibu wakili. Kisha akavua miwani, akasema kwamba hata hivyo na yeye angependa kujua. "Ulimwita, Sista?"

Mrunal alikuwa amefumba macho. Mke wangu alishika ukingo wa meza.

"Hapana, mheshimiwa. Sikumwita."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu angezima."

Feni zilisikika. Dhumal aliinama kwangu, akanigusa bega, akauliza kwa kile alichodhani ni mnong'ono, "Amesema nini?"

Watu waligeuka. Nikamsogelea nikamwambia sikioni. Hakusikia. Nikamwambia tena. Akatikisa kichwa, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akanitazama midomo kwa imani yote. Nilitamani kumdanganya, na uongo nilikuwa nao tayari, ungemtosha na ungetutosha sote. Vatsala alikuwa amegeuka ananitazama. Kwa macho yake aliniomba nimwambie.

"Hakukuita," nikasema, na ukumbi mzima ukasikia. "Alikuacha uendelee ili apate picha."

Dhumal aliketi wima. Aliweka mikono yake mikubwa juu ya magoti, akatazama mbele mpaka majaji walipoinuka.

Uamuzi ulisomwa mchana. Vatsala aliondolewa kwenye shauri, kwa kuwa mtu aliyeacha kelele ziendelee juu ya watoto ili zimfae hawezi kuja mahakamani kuzilalamikia. Shauri lenyewe halikufungwa. Mahakama ililichukua mikononi mwake na kumtaka Mrunal aisaidie kuliendesha. Mkuu wa polisi wa wilaya aje mwenyewe kikao kijacho, ajibu kwa kinywa chake. Kuhusu Dhumal, wakili wa serikali alinong'onezana na waliokaa nyuma yake, kisha akasema atarudishwa kazini. Tulikuwa tumepata karibu yote tuliyoyataka, na Mrunal alipotoka nje alikuwa anasokomeza makaratasi mkobani ovyo, sijui kwa furaha au kwa hasira. Alimwambia Vatsala kwamba hajawahi kumwona mteja akijichoma namna ile. Vatsala hakumsikiliza. Alikuwa anamtafuta Dhumal.

Alitokea kwenye ukumbi wa nje akiwa ameshika kofia yake ya kiraia. Alikuja moja kwa moja kwetu. Vatsala aliunganisha viganja kifuani kumsalimu na akavibakiza hapo hapo, vimeunganishwa. Dhumal akamtazama. Sikuona hasira usoni pake, na hilo lilinitisha zaidi.

"Kumbe masikio yangu hayakuwa na kosa, Sista," alisema, kwa ile sauti yake ya machungani.

Kisha akashuka ngazi.